Intaneti ya Nyakasanza: Kwanza Mstari wa Haki, Ndipo Bomba Kubwa

Nyakasanza, Bunia – Kila mara intaneti inapokwama katika kartie, malalamiko ni yale yale: rezo imekufa, tiketi ni ya wizi, waongeze mega. Mara nyingi rezo haijafa hata kidogo. Taa za ruta zinawaka, njia iko wazi, na mtu mmoja pale kwenye kona anapandisha video ya harusi bila shida yoyote. Pembeni yake mama anashika simu anangoja ujumbe wa sauti wa mtoto wake, na alama ya kuzunguka inazunguka tu. Wote wawili wamelipa. Wote wawili wako kwenye wifi moja. Kinachokosekana hapo ni mpango wa mstari: nani apite, wakati gani, na kwa kiasi gani.

Jambo hili lina jibu, na jibu hilo si la gharama kubwa. Yeyote anayegawia watu intaneti katika Bunia, awe mwenye kuuza wifi kwa tiketi, mwenye siberi, shule, parokia, kituo cha afya au shirika linalofanya kazi kwenye site za wahami, anapaswa kupanga mstari ndani ya ruta yake kabla ya kufikiria kununua njia kubwa zaidi. Asipofanya hivyo, njia kubwa italiwa na wale wale, na wadogo watabaki mlangoni.

Wanaoumia kwanza ni wahami

Tangu mwisho wa mwaka 2017 vita vya Djugu vimefukuza watu vijijini mara kwa mara, na baadaye Irumu na Mahagi vilevile. Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo la Ituri liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, pamoja na Kivu ya Kaskazini. Familia nyingi zimegawanyika: baba alibaki karibu na shamba, mama yuko kwenye site ya Kigonze, watoto wamepokelewa na ndugu hapa Nyakasanza, na wajomba walivuka ziwa Albert hadi Uganda, kwenye kambi ya Kyangwali. Kwa familia ya namna hiyo simu ndiyo nyumba. Ndipo wanapoambiana nani ni mgonjwa, nani amejifungua, barabara gani si salama leo, na mazishi ni siku gani.

Sasa angalia ukubwa wa mambo hayo. Ujumbe wa sauti wa dakika moja kwenye WhatsApp haufiki hata nusu megabaiti. Ujumbe wa maandishi ni mdogo kuliko huo mara mamia. Video ya harusi inaweza kuwa megabaiti 200 au zaidi. Kwa hiyo muhami anaomba kitu kidogo kabisa, tone moja katika pipa. Hata hivyo ndiye anayengoja zaidi, kwa sababu tone lake limewekwa nyuma ya pipa la mwenzake.

Kuna ubaya mwingine unaojificha. Tiketi nyingi za wifi zinauzwa kwa saa. Mtu aliyenunua saa moja kwa pesa aliyopata kwa kubeba mizigo au kufua nguo za watu, akikaa dakika 40 anangoja, hizo dakika 40 zimekwisha. Hakuna anayemrudishia. Saa inahesabu, hata kama hakuna kilichopita. Hapo mstari mbaya unageuka kuwa pesa iliyotolewa mfukoni mwa maskini, ingawa hakuna mtu aliyekusudia kumwibia.

Somo la robine

Watu wa Bunia hawahitaji mwalimu wa kuwafundisha mstari. Wanaujua kwenye robine ya maji. Chukua robine moja inayojaza mabido 12 kwa saa. Familia tatu zimefika. Ya kwanza ina mabido 10, ya pili ina 4, ya tatu ina bido moja tu la kupikia uji wa mgonjwa.

Kama sheria ni ya kwanza kufika, wa kwanza kuteka, mwenye mabido 10 ameyapanga yote mbele. Mwenye mabido 4 anapata 2 tu kabla saa haijaisha. Mwenye bido moja hapati kitu. Na mtu asiseme kwamba mwenye mabido 10 ni mwizi. Amefika mapema na ana watu wengi nyumbani. Sheria yenyewe ndiyo mbaya.

Mama anayesimamia robine vizuri anafanya tofauti. Anasema: kila familia bido moja, kisha zamu inazunguka. Katika mzunguko wa kwanza kila mmoja anajaza moja, na mwenye bido moja anaondoka na maji yake baada ya dakika chache. Mizunguko inaendelea kwa wawili waliobaki. Mwenye mabido 4 anamaliza yake manne. Saa ikiisha, mwenye 10 amejaza 7. Jumla bado ni 12. Robine haikutoa hata tone moja zaidi, lakini wawili kati ya watatu wamepata yote waliyohitaji, na yule mwenye mahitaji makubwa amepata sehemu kubwa kuliko wote.

Iko kanuni moja zaidi ambayo mama huyo anaijua. Akihesabu vyombo tu, watu watakuja na pipa kubwa na kusema ni chombo kimoja. Kwa hiyo anahesabu litre. Mwenye kidumu cha litre 5 hawezi kulinganishwa na mwenye bido la litre 20 kana kwamba ni sawa.

Ndivyo ruta inavyoweza kufanya kazi, na ndivyo inavyokataa kufanya kama hakuna aliyeipanga.

Kinachotokea ndani ya kile kiboksi

Intaneti haibebi video nzima kwa mara moja. Kila kitu kinakatwa vipande vidogo vinavyoitwa paketi, kila kimoja kikiwa na baiti zipatazo 1,500 au pungufu. Paketi za watu wote zinafika kwenye ruta, na ruta inazitoa moja moja kwenye njia ya kwenda nje. Zikifika kwa haraka kuliko njia inavyoweza kubeba, zinangoja kwenye kumbukumbu ya ruta. Hapo ndipo mstari unapozaliwa.

Ruta nyingi za bei ndogo zina mstari mmoja tu kwa watu wote, na zinafuata sheria ya wa kwanza kufika. Tena mstari huo ni mrefu mno. Hesabu ni rahisi: kama njia ya kupandisha ina megabiti 1 kwa sekunde, na ruta imeruhusu kilobaiti 250 kungoja, hizo ni megabiti 2. Maana yake paketi inayofika mwisho wa mstari inangoja sekunde 2 nzima kabla haijatoka. Katika mazungumzo ya simu ya WhatsApp sekunde 2 ni mauti. Huyu anasema, yule hasikii, wote wanasema pamoja, kisha laini inakatika. Watu wanasema rezo ni dhaifu, kumbe njia inabeba kila kitu inachoweza. Ni mstari ndio umevimba.

Na kwa nini unavimba? Kwa sababu simu na kompyuta zinazotuma faili kubwa hazijui ukubwa wa njia. Zinaongeza mwendo kidogo kidogo mpaka paketi ianze kupotea. Kupotea kwa paketi ndiyo ishara ya kuziambia zipunguze. Ruta yenye kumbukumbu kubwa inachelewesha ishara hiyo. Inameza paketi zote kwa ukarimu, watumaji wanadhani njia bado ni pana, na mstari unarefuka. Ukarimu huo ndio unaowaumiza wengine.

Waliotafuta dawa

Ugonjwa huu haukuanzia Bunia. Mwezi wa 10 mwaka 1986, kule California, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha Berkeley, umbali usiofika hata mita 400, mwendo wa rezo ulianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Ni kama gari zuri kwenye lami likaanza kwenda polepole kuliko kinyonga. Mtafiti Van Jacobson alichunguza sababu, na mwaka 1988 alichapisha njia ya kuzifundisha kompyuta kupunguza mwendo zinapoona msongamano. Njia hiyo ndiyo iliyookoa intaneti, na mizizi yake bado inafanya kazi katika simu za leo.

Lakini njia hiyo inategemea adabu ya kila mtumaji. Asiye na adabu, je? John Nagle alikuwa ameliona swali hilo mwaka 1985. Alipendekeza ruta isiwe na mstari mmoja, bali kila mtumaji awe na mstari wake, na ruta ichukue paketi moja kwa kila mstari kwa zamu. Anayejaza mstari wake anajichelewesha mwenyewe tu. Mwaka 1989 Alan Demers, Srinivasan Keshav na Scott Shenker walirekebisha hesabu ili mwenye paketi kubwa asipate zaidi ya mwenye paketi ndogo. Mwaka 1995 M. Shreedhar na George Varghese walipata namna rahisi ya kufanya hivyo kwa kuhesabu baiti, ili hata mashine ya bei ndogo iweze. Hao wote walikuwa wanatafuta kile ambacho mama wa robine anakijua: zamu, na kuhesabu litre.

Ugonjwa wa mstari uliovimba ulirudi wakati kumbukumbu za mashine zilipokuwa za bei ndogo na kila kampuni ikaziweka nyingi. Mwaka 2010 Jim Gettys, mhandisi wa Marekani, aliuona nyumbani kwake alipokuwa akituma faili, akaanza kuupigia kelele. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa dawa iitwayo CoDel. Haiangalii urefu wa mstari. Inaangalia muda ambao paketi imengoja. Kama kwa kipindi cha milisekunde 100 paketi zote zimekuwa zikingoja zaidi ya milisekunde 5, inaanza kutupa paketi chache ili mtumaji apate ishara mapema. Dawa hiyo ilichanganywa na ile ya zamu, ikazaliwa FQ-CoDel, iliyoandikwa rasmi kama waraka wa kanuni za intaneti RFC 8290 mwezi wa kwanza 2018. Mwaka huo huo mdogo wake aitwaye CAKE aliingizwa katika mfumo wa Linux. Dave Täht, mmoja wa waliohangaika sana na kazi hiyo na kuitoa bure kwa dunia, alifariki mwezi wa 4 mwaka 2025.

Neno hilo la bure ndilo la kukazia. Programu ya OpenWrt, inayoweza kuwekwa kwenye ruta nyingi za kawaida, ina dawa hizi ndani yake na haiuzwi. Ruta za MikroTik zinazotumiwa na wauzaji wengi wa intaneti katika Afrika zina FQ-CoDel na CAKE kuanzia toleo la 7 la mfumo wake. Mwenye ruta ya namna hiyo tayari amenunua dawa. Ameiacha kwenye sanduku tu.

Majibu kwa wanaopinga

Wa kwanza wanasema: tatizo ni njia ndogo, basi nunua kubwa. Tangu mwezi wa 5 mwaka 2025, wakati mamlaka ya ARPTC ilipotangaza ruhusa kwa Starlink baada ya kuikataza mwaka 2024, wengi wanatumaini kwamba sahani ya juu ya paa itamaliza mambo. Ni kweli kwamba njia kubwa inasaidia, na hakuna anayeipinga. Lakini mtumaji wa faili kubwa anaongeza mwendo mpaka njia ijae, iwe ya megabiti 2 au ya 100. Tena njia ikiwa kubwa, mwenye nayo anauza tiketi nyingi zaidi ili arudishe pesa yake. Baada ya miezi michache watu ni wengi, mstari ni ule ule mmoja, na kelele inarudi.

Wa pili wanasema: fungeni video, TikTok na michezo, intaneti itatosha. Dawa hii ni kali kuliko ugonjwa. Nani ataamua kwamba video ya somo la mwanafunzi ni ya maana na ya mwingine ni upuuzi? Kijana aliyekaa site mwaka wa tatu bila kazi naye ana haki ya kucheka. Tena mambo mengi ya simu sasa yanasafiri yamefungwa kwa siri, na ruta haiwezi kujua vizuri ndani kuna nini. Anayetaka kujua lazima aanze kupekua.

Hapo kuna jambo zito kwa Ituri. Katika jimbo ambamo mtu anaweza kuulizwa jina la ukoo na kijiji alichotoka kabla ya kupewa msaada au kupita kizuizi, kila kifaa kinachochagua watu kinaogopesha. Mstari wa zamu hauchagui. Hauulizi kabila, wala kijiji, wala unaongea na nani, wala unasema nini. Unahesabu baiti na kupisha zamu. Haki inayotolewa bila kumpekua mtu ndiyo haki inayofaa mji uliojaa woga.

Wa tatu ni wenye biashara, na neno lao ni la kusikilizwa. Wanalipa abonema kila mwezi, wanaweka mafuta kwenye jenereta, wanalipa kodi. Wanasema: aliyenunua tiketi kubwa apate kikubwa. Sawa kabisa. Mpango wa zamu unakubali uzito. Mwenye tiketi kubwa anaweza kupewa mabido mawili kila zamu, na mwenye ndogo bido moja. Tofauti ni kwamba mdogo hafungiwi nje. Na mwenye biashara mwenyewe anapata faida: mteja aliyepata huduma yake kesho atarudi, lakini aliyepoteza saa yake nzima ataenda kusema mabaya hadi soko kuu.

Hesabu nyingine inafaa kumtuliza. Njia ya megabiti 10 ikigawiwa watu 20 wanaotumia kwa wakati mmoja, fungu la kila mmoja ni kilobiti 500 kwa sekunde. Mazungumzo ya sauti ya WhatsApp yanatumia sehemu ndogo tu ya fungu hilo. Kinachobaki hakilali bure, kinaenda kwa wanaopakua makubwa, kama yale mabido 7. Kwa hiyo mwenye tiketi kubwa hapotezi karibu kitu anapompisha anayeomba kidogo.

Mambo ya kufanya, na mitego yake

La kwanza: mgawo uwe kwa mtu, usiwe kwa kila mazungumzo ya mashine. FQ-CoDel peke yake inatoa zamu kwa kila muunganisho. Simu inayofungua miunganisho 20 ya kupakua inaweza kupata zamu 20, na ya mama mwenye ujumbe mmoja ikapata moja. CAKE inaweza kugawa kwanza kwa kila kifaa, ndipo igawe ndani ya kifaa. Kwa wauzaji wa tiketi ni vizuri zaidi kupanga kwa tiketi, ili mwenye simu tatu asihesabiwe kama watu watatu.

La pili: mstari uundwe mahali unapoweza kusimamiwa. Kama ruta inatuma kwa haraka kuliko modemu au sahani inavyobeba, mstari utavimba kule mbele, ambako ruta haina mamlaka. Fundi apime mwendo wa kweli wa njia, kisha aiwekee ruta kikomo chini yake kidogo, kwa mfano asilimia 90. Watu wanashangaa kusikia kwamba kupunguza mwendo kunaongeza uzuri, lakini ndivyo ilivyo. Mahali ambapo mwendo unabadilika kila saa, kama njia ya satelaiti au ya antena za simu, kikomo kifuatiliwe na kurekebishwa. Akikiweka mara moja na kusahau, kesho kitakuwa cha uongo.

La tatu: kupandisha kusisahauliwe. Mafundi wengi wanapima kushusha tu, kwa sababu ndiko namba kubwa iliko. Lakini njia ya kupandisha ni ndogo, na ikijaa hata kushusha kunakwama, kwa maana kila paketi inayoshuka inahitaji jibu dogo linalopanda.

La nne: kipimo kifanywe mbele ya watu. Si lazima uwe na mashine ya maabara. Mtu mmoja apandishe video kubwa, na mwenzake apige simu ya WhatsApp kwenye wifi ile ile. Kama sauti inasikika vizuri, mstari umepangwa. Kama inakatika, bado. Kila mteja anaweza kuomba kipimo hicho kabla ya kununua tiketi.

La tano: sheria iandikwe mlangoni. Tiketi ya bei hii ina uzito huu, na masasisho makubwa ya simu na kompyuta yafanyike usiku. Kama kituo cha afya kimepewa uzito zaidi, watu waambiwe wazi na sababu itajwe. Upendeleo unaojulikana unaweza kujadiliwa, na shefu wa kartie na kamati ya wahami wanaweza kuuliza maswali. Upendeleo wa kisirisiri unazaa chuki, na chuki Bunia ina bei kubwa.

Haya yamewezekana jirani

Asiseme mtu kwamba hizi ni ndoto za Ulaya. Kaskazini mwa Uganda, kuanzia mwaka 2007, mradi wa BOSCO pamoja na jimbo kuu katoliki la Gulu ulipeleka kompyuta za umeme wa jua na intaneti ya masafa marefu kwenye kambi za waliokimbia vita vya LRA. Njia ilikuwa ndogo, watumiaji wengi, na walengwa walikuwa watu wa kambi. Upande wa Congo, kwenye kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu, rezo ya kijamii ya Pamoja Net ilianza mwaka 2016. Miradi yote miwili inaonyesha kwamba jamii yenye mali kidogo inaweza kuendesha njia yake yenyewe. Ikishaiendesha, swali la kwanza ni mgawo: nani apate kiasi gani cha njia moja.

Hata hivyo mipaka ijulikane. Mstari wa haki haumalizi kila tabu. Mtu anayetumia mega za Vodacom, Airtel au Orange moja kwa moja kwenye simu yake yuko kwenye mstari wa mnara wa kampuni, na hakuna fundi wa Nyakasanza anayeweza kuugusa. Kwa huko kazi ni ya kampuni zenyewe na ya ARPTC, yenye jukumu la kuangalia ubora wa huduma. Na intaneti ikifungwa yote kwa amri, kama ilivyofungwa nchi nzima toka tarehe 31 Desemba 2018 kwa siku karibu 20 baada ya uchaguzi, hakuna ruta itakayosaidia. Umeme ukikatika ni hivyo hivyo. Lakini kushindwa kuponya kila kitu si sababu ya kuacha kuponya kilicho mkononi.

Kilicho mkononi ni kiboksi kile chenye taa, juu ya meza ya muuzaji, chini ya dirisha la sekretarieti ya shule, ukutani mwa ofisi ya shirika. Fundi mmoja anayejua kazi yake anaweza kukipanga kwa mchana mmoja. Mashirika yanayoleta intaneti kwenye site yaweke mstari wa haki katika masharti ya kazi, kama wanavyoweka idadi ya robine na vyoo. Vyuo vya Bunia vinavyofundisha informatiki viwape wanafunzi kazi hiyo ya mikono katika kartie, ili mtihani wao usiishie kwenye karatasi. Nao wateja waache kuuliza tu bei ya tiketi ni ngapi, waulize pia mstari umepangwaje.

Watu wa robine walishakubaliana zamani kwamba mwenye kidumu kimoja asikeshe nyuma ya mwenye mabido kumi. Hakuna sababu kanuni hiyo iishie kwenye maji.